Tochi ya Shangazi Eluned

Walisema wangeibomoa.
Miaka ishirini na miwili mlango ulipigiliwa mbao,
njiwa wakawa ndio watazamaji,
wamejipanga roshani bila tiketi,
wakidondosha maoni yao juu ya mahameli.

Kisha Gwilym fundi umeme, na mwalimu wa muziki,
na kina mama wa kwaya waliouza keki kila Jumamosi
mpaka bonde zima likachoka kula keki,
wakaanza kukwangua.
Chini ya kijivu, krimu.
Chini ya krimu, buluu.
Chini ya buluu, nyota za dhahabu
za mchoraji asiyeacha jina,
tangu mwaka ule wachimba makaa walipokubali
kukatwa peni moja katika kila mshahara
ili wao, wanaoshinda gizani,
wawe na giza jingine, la kwao,
lenye dirisha.

Leo mvua inanyesha, ndiyo Welisi hii.
Makoti yetu yananuka sufu na mbwa.
Kibandani anayekata tiketi ni mjukuu wa mwenye bucha,
amevaa tai ya kipepeo, anajiona waziri.
Shangazi Eluned amenishika kiwiko.
Macho yake yameingia ukungu, ila nyayo hazijasahau:
ngazi tatu, zulia, mteremko.
"Hapa pana ubao unaolia," asema,
na ubao unalia.
Wameshindwa kuunyamazisha, au hawakutaka.

Alikuwa na miaka kumi na saba walipompa tochi
na sare yenye vifungo vya shaba.
Kazi yake, anavyoieleza,
ilikuwa kuwaonyesha watu viti vyao
na kutowaona waliokaa safu ya nyuma kabisa.
"Filamu? Nimeziona zote.
Ila mwanzo sijauona hata mmoja.
Wachelewaji hawakosi, mwanangu,
mvua isikosekane na wao wasikosekane.
Nilimjua muuaji, sikumjua aliyeuawa.
Niliona watu wakisameheana
nisijue walikoseana nini."

Basi leo tumefika nusu saa kabla.
Safu ya saba, katikati, viti vimeshonwa upya,
lakini chemchemi moja imekaidi, inanichoma pajani.
Juu yetu malaika wa plasta hana pua;
hela za pua zilikwenda kwenye choo.
Taa zinafifia polepole,
jinsi mtu mwenye adabu anavyotoka chumbani
bila kugeuza mgongo.
Pazia linavutika, linakwama, linavutika.
Nyuma ya vichwa vyetu mashine inaanza
kutatarika kama cherehani,
na mwanga unapita juu, vumbi likicheza ndani yake,
vumbi lile lile, naapa, la makoti ya babu zetu.

"Niambie," ananong'ona.
Namwambia: nyeusi na nyeupe. Kituo cha reli.
Mwanamke ana sanduku lililofungwa kwa kamba.
"Kamba ya aina gani?"
Ya katani.
"Endelea."
Anageuka, kuna mtu nyuma yake, anataka kusema...

Mlango unafunguka. Ubaridi unatangulia,
halafu kijana na mwavuli unaochuruzika,
amesimama katika njia ya kati, kipofu wa ghafla,
anapapasa migongo ya viti vya watu.

Nasikia zipu ya mkoba.
Sikujua aliihifadhi. Sikujua ameitia betri.
Kiduara cha njano, si kikubwa kuliko sahani,
kinatua sakafuni, kinakaa palipo salama,
na Shangazi yuko wima, magoti yake yakilalamika,
anatembea ndani ya giza
alilokuwa akiliona kabla ya sisi sote,
"Huku, bwana mdogo. Angalia ubao."

Aliporudi, treni ilikwishaondoka.
"Alisemaje yule mtu?" akauliza.
Nami nilikuwa namtazama yeye, sikusikia.