Gia ya Pili

Julai hapa Chubut maji hugandia ndani ya ndoo,
na gia ya pili haiingii mpaka uiombe.
Sisemi kwa mafumbo. Baba aliiomba kwa sauti,
kwanza kwa Kiwelisi, lugha ya bibi yake,
halafu akaitukana kwa Kihispania,
na kwenye tusi la tatu chuma kikakubali:
krrak.

Pikapu ni Ford ya sabini na tatu.
Ilikuwa na rangi ya maziwa; sasa ni maziwa yaliyoungua.
Imebeba kondoo, nguzo za ua, jeneza la mjomba Emrys,
jokofu tuliloapiwa kuwa ni jipya.
Mlango wa kulia tunaufunga kwa waya.
Yote hayo tuliyazoea.

Kila mtu alikuwa na lake.
Cárcamo wa kituo cha mafuta alisema: klachi.
Mkewe alisema: dereva.
Melín, mkata manyoya, alisema ni oili,
baridi imeigeuza gundi.
Tukaimwaga. Ilishuka polepole, nyeusi,
na ndani yake vumbi la shaba likimetameta
hata nikaionea haya, kama niliyefungua barua isiyo yangu.
Tukatia nyepesi.
Siku mbili gia iliingia kama kisu kwenye siagi.
Ya tatu, krrak.

Basi tukaishusha.
Mimi chini, mgongo juu ya katoni,
upepo ukinilisha mchanga,
Melín kwenye jeki, akihesabu boliti kwa sauti
kana kwamba zingetoroka.
Ya mwisho ilikataa spana, ikakataa nyundo,
ikakubali moto.
Nikaipokea gia boksi kifuani,
nzito, vuguvugu, inachuruzika,
kama ndama aliyetangulia siku zake.

Tuliifungulia juu ya meza ya jikoni.
Mama alitandika magazeti, hakusema kitu, akatoka.
Pete ya shaba ya gia ya pili
ilikuwa imelika meno yote, laini kama ufizi.
Na ule uma unaoisukuma,
chuma kinene kuliko kidole changu,
ulikuwa umepinda.
Umepinda kwa nyuma, kuelekea kiti cha dereva,
kuelekea alipokaa yeye miaka arobaini
akivuta.

Melín aliugeuzageuza kwenye mwanga.
"Huyu mzee," alisema, "ana mkono."

Gia boksi nyingine tuliipata skrepa, Trelew,
kwa kondoo wawili na fedha kidogo.
Ilitoka kwenye pikapu iliyopinduka;
hatukuuliza ya nani.
Jumapili tukaifunga. Jumatatu baba akapanda.
Gia ya kwanza, sawa.
Akakanyaga klachi, akanong'ona dua yake ya Kiwelisi,
akavuta kama anavyovuta,
na gia ikaingia bila neno,
na kiwiko chake kikalipiga bati la nyuma
tukasikia mpaka zizini.

Mazoea yana taabu, walisema waliotutangulia.
Hawakutaja kiwiko.

Alirudi akiwa ameshika mkono.
"Hiyo," alisema, "haina mtu ndani."
Wiki nzima aliendesha kwa ya kwanza na ya tatu,
akiikwepa ya pili kama mtu anayemdai,
injini ikitetemeka njia nzima kwa huruma au kwa hasira.
Kisha siku moja, mlimani, na kondoo kumi na wanne nyuma,
hakuwa na hiari.

Leo mimi ndiye dereva.
Vidole viwili vinatosha.
Uma uliopinda uko dirishani jikoni;
mama huutundikia kitambaa cha vyombo,
umekaa vizuri kwa kazi hiyo.
Nami asubuhi, kabla ya geti la pili,
naanza yale maneno ambayo maana yake sikufundishwa,
na gia inaingia
sijafika katikati.