Mwenyeji Apone

Saa sita, kengele ya skuli ya Mchangamdogo ikilia,
huyapanga magilasi yangu dirishani,
kila gilasi konokono mmoja na maji yaliyochujwa.
Nangoja nusu saa. Kisha naona vumbi.
Si vumbi: ni vidudu vyenye mikia ya panda,
vinaning'inia kwenye mwanga kama unga uliomwagika.

Mwaka wangu wa kwanza nilimwuliza Bwana Shaame,
mbona usiku hawatoki?
Akacheka kwa pua: "Usiku nani anaoga mtoni?"

Nani aliyemfundisha saa?
Hana jicho la maana, hana sikio, hajui kengele.
Ila waliotoka usiku walikufa bila kuonja ngozi,
waliotoka alfajiri wakakuta maji matupu,
na hawa ni wana wa wale waliokosea kwa bahati
wakatoka watoto wakivua sare.
Ujinga ukifa mara nyingi vya kutosha
hugeuka elimu.

Usidhani konokono amekaa tu.
Wale wa juu, karibu na konde la Tumu,
humjua mdudu akiwa bado mlangoni,
wakamzinga, wakamnyonga.
Lakini hesabu mayai yao. Machache.
Ulinzi una posho, na posho hutoka jikoni.
Mdudu akiadimika, wazembe wenye mayai tele
hulijaza bonde,
naye hurudi akakuta karamu.
Nimehesabu misimu kumi na moja, vuli na masika,
sijaona mshindi.
Naona zamu.

Kaka yangu Massoud alikuwa na miaka tisa
mkojo wake ulipomalizikia wekundu penye ua wa makuti.
Wenzake walimshangilia. Keshakuwa mkubwa!
Baba akasema kila mwanamume hupita hapo.
Ugonjwa ulikwishajifunza kukaa nasi,
nasi tulikwishajifunza kuupa jina zuri.

Mshipani, jirani na kibofu, wanaishi wawili,
dume kamkumbata jike kama ala na kisu,
miaka mitano, pengine kumi,
ndoa ndefu kuliko ya wazazi wangu.
Askari wa damu wanapita doria.
Yeye kajitanda kanga yetu sisi, mji na pindo,
wakiitazama wanasema: huyu wa nyumbani.
Pita.

Mgeni njoo, mwenyeji apone,
husema nyanya akitandika jamvi.
Huyu alikuja kabla ya jamvi,
kabla ya karafuu, kabla ya neno mgeni.
Wala siku ya tatu hakuhitaji kupewa jembe:
tulilishika wenyewe, tukachimba mitaro ya mpunga,
konokono wakapata kiambo,
tukamjengea ukumbi bila kumwona uso.

Jumatatu tuligawa dawa.
Watoto walisimama kwenye ubao wa kupimia kimo,
Faki akajinyanyua kwa vidole ili apate vidonge vitatu kama dada yake.
Nilimshusha. Viwili na nusu.
Alivimeza kwa uji, akakunja uso, akanionyesha ulimi.
Namwandika daftarini, na siwaandiki wale
watakaookoka dawa ndani ya mwili wake,
mmoja katika wengi, kwa bahati,
kama wale wa saa sita.

Kisha mchana ule ule nilimwona mtoni, yuchi,
anajirusha kutoka kwenye gogo.
Nilimfokea. Alicheka, akazama.
Jua lilikuwa utosini. Kila kitu kilikuwa kwa wakati wake.

Nami nina buti, serikali imenipa.
La kushoto limepasuka tangu Rajabu,
nimelishona kwa uzi wa nyavu, bado linaingiza.
Jioni hii nimekaa kizingitini najikuna kifundo cha mguu.
Huenda ni nyasi za bonde.
Huenda ni wa nyumbani.