Mambo

Baba aliviita mambo.
Si vigingi: mambo. Neno alilorithi kwa wapima ardhi
aliowabebea hema kutoka Handeni hadi Muheza.
"Mambo kumi na sita," alihesabu kila yalipong'olewa,
"yakirudi kumi na tano hatulali."
Vijana wangu wa Makorora wanacheka.
Nikiwaambia leteni mambo, wananijibu poa.

Haya, poa. Shikeni nyundo.

Kichwa kielekee nje, kwenye ukuta wa jirani,
ncha iingie chini ya hema kama mtu anayerudi kwake.
Wima hakifai. Kigingi kilichosimama wima
ni mlinzi anayesinzia kwa miguu yake miwili:
upepo unakichomoa bila hodi.

Kamba ni ya katani, mmekulia harufu yake.
Ikilowa inajikunyata. Mkiiacha imekaza na mvua ije usiku,
itang'oa yenyewe, upepo haujatia mkono.
Legezeni upana wa kidole kabla ya kwenda kula.

Na ardhi ya Tanga haina neno moja.
Pongwe udongo unashika kama deni.
Raskazone ukishuka shubiri moja ni jiwe la matumbawe,
nondo inapinda, ganzi inapanda hadi begani.
Mwambani mchanga unakubali kila kitu
na haushiki chochote. Hapo jaza gunia,
lifunge kamba tumboni, lizike.

Jumamosi ile ilikuwa Chumbageni, kwa Bwana Shembilu.
Uwanja mzima pevingi mpya, nyekundu na kijivu.
"Mama Mwanamkuu, usinitobolee,"
akasema, akiipapasa kwa soli ya kiatu.
Nikaomba madumu ya maji. Yakaja manne, mawili yanavuja.
Nikaomba mifuko ya saruji. Imeishia kwenye pevingi.
Ndipo mjomba mtu, Ngwame, akaleta Noah yake,
akaipiga kofi la mgongo: "Funga hapa.
Tani moja na nusu hii."

Mimi kufunga kwenye kitu chenye magurudumu
nilishawahi. Kiliitwa Salehe,
dereva wa lori la Horohoro. Miaka tisa.
Lakini mteja kalipa nusu, na kusi imeanza
kupindua sahani za karatasi.
Nikafunga.

Saa nane na robo barafu ikaisha.
Ngwame, muungwana, hakumsumbua mtu.
Akawasha, akaondoka.

Kwanza kamba ilikaza. Kisha nguzo ya pembeni
ikamfuata kwa adabu, kama mtoto anayepelekwa shule.
Kisha turubai zima likavuta pumzi
na wageni mia mbili wakaiona mbingu
wakiwa na pilau mdomoni.
Bibi harusi alicheka. Yeye peke yake.
Noah ilikuja kusimamishwa na muuza mabumunda, mtaa wa pili,
ikiburuta mita ishirini za mtaji wangu.

Hakuumia mtu. Shembilu alisimama katikati ya pevingi zake,
jua likimla utosi,
akaangalia chini muda mrefu.
"Toboa," akasema.

Tuling'oa matofali kumi na sita,
tukayapanga ukutani kama vyombo vya mgeni.
Mambo yakashuka, yote yameinamia nje.
Kusi ikaja tena, ikasukuma, ikasukuma,
ikaenda kwa jirani.

Usiku nikayachomoa. Nayazungusha kwanza nusu duara
yasitoke na udongo wa watu,
nafukia tundu kwa kisigino,
nahesabu kwa tochi ya simu.
Bibi harusi akapita, viatu mkononi,
gari la kumpeleka kwa mumewe linanguruma getini.

"Mambo, mama?"

"Kumi na tano," nikamwambia.

Akaniangalia. Akaangalia uwanja.
Kisha akakunja gauni magotini, akainama,
akaanza kupapasa gizani tofali kwa tofali.
Gari likapiga honi.
Likapiga tena.
Hatukuinuka.