Kiwiko cha Mraba

Aliyesimama ndani ya mraba hauoni mraba.
Miaka kumi na mitatu nimechunga ng'ombe hapa,
nikateleza mtaroni nikifukuza ndama,
nikaona shimo tu, majani na vyura,
na ng'ambo yake tuta, na juu ya tuta jua la Acre
likinichoma utosi.

Ndipo akaja mhandisi Leontina kutoka Rio Branco
na picha iliyopigwa na ndege.
Akaitandaza juu ya boneti ya gari,
akaibana kwa mawe manne.
Malisho yetu yamegeuka ubao
na kwenye ubao mtu kachora mraba,
na ndani ya mraba duara,
limetulia kama kiini ndani ya ute,
halikugusa ukuta hata mahali pamoja.
Nikamtafuta ndama wangu. Alikuwa nukta.

"Shika huku," akasema, akanipa ncha ya utepe.
Tukapima siku tatu.
Ubavu wa kwanza, mita mia moja themanini na mbili.
Wa pili, hizo hizo, na kiganja juu yake.
Kina kilikuwa kimo changu mara mbili
kabla mvua za karne na karne
hazijaanza kuurudisha udongo kwao.
Chuma hawakuwa nacho. Walikuwa na vijiti,
vikapu, migongo,
na kamba, akasema Leontina, lazima kamba:
mmoja kasimama katikati kama kigingi,
mwenziwe anazunguka, kamba imekazwa baina yao,
na nyayo zinaandika.
Hiyo ndiyo hesabu yote ya duara:
mmoja akubali kutosogea.

Pembe zote nne, sawasawa.
Ila upande wa kaskazini,
hatua ishirini kabla ya kona,
mtaro unajikunja kama kiwiko,
unazunguka kitu kisichokuwapo,
kisha unarudi kwenye njia yake
kana kwamba haukutoka.

"Kosa," nikasema.
Leontina akauma kalamu.
"Wapatie pembe nne, wakosee mstari?"

Jioni nikamkuta bibi, Dona Venância, akimenya mihogo,
yeye ambaye hata akiwa na gunia la kokwa kichwani
hajawahi kulikanyaga tuta lile; hulizunguka lote.
Maana yake nini, nikamuuliza.
"Sijui. Mama alizunguka, nami nikazunguka.
Ukikuta mtu amelala, huulizi anaota nini.
Unapita pembeni."
Na kile kiwiko?
Akacheka, kisu kikasimama.
"Palikuwa na mti."
Umejuaje?
"Nimefagia ua wenye mti maisha yangu yote."

Leontina akaandika daftarini: *ngome?*
Akaikata; ngome gani isiyo na mlango wa kufungwa?
*Soko?* Akaikata. *Ibada?* Hiyo akaiacha na alama yake ya kuuliza,
ndoana tupu majini.
Kuhusu mti hakuandika kitu,
ila siku ya kuondoka nilimwona
amesimama ndani ya ule mkunjo, peke yake,
akitazama juu, mahali ambapo matawi yangekuwa.

Mwezi wa Agosti Seu Eurípedes akataka uzio,
upande huu soya, upande ule ng'ombe.
Akapiga mstari kwa rula kwenye karatasi,
ukakata mraba, ukapasua duara kama papai.
"Moja kwa moja," akasema. "Nguzo ni ghali."
Nikachimba, nikasimika, nikachimba, nikasimika,
nikafika kwenye tuta
na nikapinda.

Nguzo thelathini na moja zaidi.
Alizikata zote kwenye mshahara wangu.

Atakuja mtu siku moja na picha yake,
ataitandaza juu ya chochote kitakachokuwa gari siku hizo,
ataona uzio umenyooka, umenyooka, kisha umejikunja
bila sababu katikati ya uwanda,
naye ataliweka kalamu mdomoni,
aseme: kosa.