Penseli

Rafu ya chini kabisa haina kinacholia kikilowa:
ndoo za plastiki, chupa za soda,
mafuta ya taa ndani ya dumu lenye kizibo cha kukaza.
Sukari iko usawa wa kifua, viberiti juu ya kichwa,
na chumvi, mwoga kuliko wote,
inalala karibu na bati, nimeivika mifuko miwili.
Hivyo ndivyo anavyopanga duka mtu wa Mabatini
ambaye Mto Mirongo umeshamwingilia mara mbili
bila hodi.

Wateja wapya hucheka.
"Mama Nyanzobe, kiberiti kimoja mpaka upande stuli?"
Stuli ni elfu nane, nawajibu.
Kutokuwa nayo nilishalipa zaidi.

Mwezi wa Shaabani wenzangu walijaza sukari hadi uvunguni,
wakingoja bei ipae.
Ikapaa wiki moja, ikatua,
wakabaki kugombana na sisimizi.
Mimi nilichukua mifuko miwili.
Faida yangu ilikuwa usingizi.

Ila deni ndilo lililonifundisha hesabu.
Zamani nilikopesha wenye dagaa tu,
kwa kuwa ni majirani,
na noti zao hunukia ziwa.
Wote kumi na wanne huanika kule Igombe.
Sikuona kwamba mvua ni moja:
hii inayoniletea mlangoni ndala za watu na maganda ya ndizi
ndiyo hiyo inayowakuta dagaa wametandazwa mchangani
na kuwaozesha.
Siku ninayohitaji mno kulipwa
ndiyo siku ambayo hakuna wa kunilipa.
Nilidhani nina wadaiwa kumi na wanne.
Nilikuwa na mdaiwa mmoja, jina lake Mvua.

Sasa yupo Mwalimu Bwire, wa mwisho wa mwezi.
Yupo Ndaki wa cherehani,
ambaye sare za shule humkumbuka Januari
na kumsahau Machi.
Wenye dagaa ni watatu.
Hakuna anayevuka elfu sita.
Hata shemeji.
Hasa shemeji.

Basi mwaka huu maji yakaja usiku wa manane,
yakapanda matofali mawili, yakapapasa ndoo, yakaondoka.
Asubuhi nikafungua kufuli:
chumvi kavu, viberiti vikavu.
Nikajipongeza kwa sauti, peke yangu, kama kichaa.
Kisha nikaliona daftari.
Mimi, niliyepandisha kila kitu juu,
jioni ile nilikuwa nimeziba nalo tundu la panya.

Wino wa bluu umekuwa ziwa dogo
na majina yote yamezama humo.

Nilianika kurasa uani, kwenye kamba, kama nepi,
na mtaa mzima ukajua.
Mwalimu Bwire alikuja na hesabu yake kwenye karatasi,
hadi senti ya pipi za mwanawe.
Ndaki hajaja. Siku hizi hupita ng'ambo ya barabara,
akiyashangaa mawe ya mlimani kama mgeni
aliyeshuka na basi leo.
Kwilasa, ambaye dagaa wake wameoza,
alisimama nje ya kizingiti, miguu ina tope.
"Mwangaluka, mama.
Nadaiwa elfu nne na mia tano.
Sina."
Kichwani mwangu ilikuwa elfu tatu.

Niliiweka kauli ile kwenye mizani ya sukari.
Mpaka leo sijajua inakaa rafu ipi.

Tundu la panya nimelitia saruji.
Daftari jipya linaning'inia kwenye msumari, juu ya chumvi,
na penseli imefungwa kwa uzi,
maana penseli haisambai majini;
nimeilaza karatasi kwenye bakuli usiku kucha,
asubuhi namba zikanitazama vilevile.

Ubaya wake ni mmoja, inafutika.
Nimeandika: Kwilasa, elfu nne na mia tano.
Nikaangalia mlangoni kama kuna mtu.
Nikaigeuza upande wa kifutio.