Hodi ya Tatu

Wawi, saa saba usiku. Jenereta inakohoa nyuma ya ukuta
nami nahesabu visima vya sahani: tisini na sita,
kila kimoja kidogo kuliko kifungo cha kanzu,
ndani yake seli za binadamu, zimelala kwenye maji ya rangi ya waridi.

Shaame, mlinzi, ameniuliza tena:
"Mize, humo unamtafuta nani?"
Namtafuta anayejibu "karibu".

Maana kirusi hakivunji mlango.
Huja na adabu zake zote, hupiga hodi,
na juu ya ngozi ya seli yupo mtu wa nyumbani
anayeitikia.
Nani? Protini ni maelfu.

Basi nazing'oa, kila kisima na yake.
Kisha navaa glavu mbili, natia kirusi kilichohasiwa,
ganda lisilozaa, lenye taa ya kijani tumboni.
Kikiingia, seli inawaka.
Kisipoingia, giza.
Chake nzima inalaani giza la umeme;
mimi mwezi wa nane huu nalitafuta.

Mwaka ule wa kidingapopo
viungo vilimkataa mama, hata nazi hakuweza kukuna.
"Kimeniingilia wapi?" akauliza,
kama anayeuliza mwizi kapita dirisha gani
na mali imeshakwenda.
Nilikuwa na shahada. Jibu sikuwa nalo.

Saa kumi kasoro. Kisima D saba.
Nafuta lenzi. Napumua pembeni.
Jirani zake wanawaka kama Tibirinzi usiku wa Idi,
chenyewe kimya.
Nakitia rangi ya kupimia uhai: seli ni hai,
hai, na kimya.
Hodi. Hodi. Hodi.
Na kwetu, ya tatu isipojibiwa, mgeni hugeuka.

Sipigi vigelegele. Mara moja si neno.
Kesho nitairudisha ile protini, nione kama taa itarudi,
na keshokutwa tena, mpaka Shaame achoke kuuliza.

Ila daftarini nimeshaliandika jina lake,
na kazi yake ya siku zote: kupokea mafuta yapitayo damuni.
Haikuumbiwa mwizi.
Ilisikia mtu mlangoni
ikadhani ni jirani,
karudisha bakuli.