Kopo la Chokaa

Kopenhagen, Oktoba. Kitanda cha dirishani: Ellinor,
miaka tisa. Polio imemshuka toka shingoni hadi mbavuni,
kifua kimesahau kazi yake.
Wamemtoboa koo, wakatia bomba,
na mwisho wa bomba kuna mfuko wa mpira,
na mwisho wa mfuko kuna mkono wangu.

Minya. Achia.
Minya. Achia.
Mara ishirini kwa dakika, mpaka kuche.

Mwezi Juni nilifeli mtihani wa upumuaji.
Niliandika kwamba mapafu huvuta hewa.
Profesa Holmgaard akapiga mstari mwekundu:
Mapafu hayavuti kitu, bwana. Kifua hupanuka,
hewa huingia penye nafasi, kama maji shimoni.
Usiku huu hakuna kinachopanuka.
Naisukuma.

Ipite koo, ipite njia panda,
matawi, vitawi, vijitawi,
hadi kwenye vifuko vyembamba kuliko utando wa yai,
ambako hakuna mlango wala bawabu.
Oksijeni hutoka palipojaa, ikaenda palipopungua.
Ndiyo sheria yote. Haina huruma, haina hila.

Na hewa ukaa?
Ndiyo iliyomchukua Torben, kitanda cha sita.
Jina lenyewe lilituonya: usipoitoa, hukaa.
Hukaa damuni, hukaa kichwani,
mashavu yakaiva, nasi tukasema leo ameamka vizuri,
kumbe anazama kwenye shuka kavu.

Kwa hiyo lazima irudi, njia ileile iliyojia mwenzake,
ipite kwenye kopo la chokaa.
Chokaa ikiila, kopo hupata joto.
Sina mashine ya kuniambia lolote.
Kila robo saa nabandika kiganja cha kushoto:
vuguvugu.
Basi anatoa. Basi yupo.

Saa tisa usiku akanitazama.
Pumzi zake hazipiti tena penye sauti,
midomo ikachora neno, nikalisoma mara mbili:
Umechoka?
Nikatikisa kichwa. Kwa aibu, nikaminya zaidi kidogo.

Birthe alipokuja kunipokea
aliweka mkono wake juu ya wangu,
tukaminya pamoja pumzi tatu,
ndipo nikauchomoa wangu kutoka chini.

Ndani ya tramu, kondakta alinidai nauli mara mbili.
Sikumsikia. Mkono ulikuwa mfukoni
unaminya glavu,
unaachia.